Noeli Siyo Konje

Mwezi wa kumi na mbili ukiingia hapa kwetu Mulongwe, kuna maswali mawili ambayo watu wanaulizana njiani, sokoni, mbele ya kanisa na kwenye viti vya wabadilisha pesa. La kwanza ni la zamani: "Noeli mtapika nini?" La pili ni jipya, na ndilo linalotufanya tushike kalamu: "Noeli mtaenda wapi?"

Zamani swali hilo la pili aliulizwa mwanafunzi anayesomea Bukavu, au mchuuzi aliyeko Kalemie, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Naenda nyumbani." Siku hizi anaulizwa baba mwenye parseli yake, mke wake na watoto wake papa hapa mtaani. Naye anajibu: "Eh, sisi mwaka huu tunavuka. Tunaenda kupumzika kwa plaji, Bujumbura. Hapa watu watatusumbua tu." Wenye pesa zaidi wanataja Kigoma, wanataja Dar es Salaam, wengine Zanzibar. Tarehe 23 lango linafungwa, ufunguo anaachiwa mlinzi, na familia inarudi baada ya Bonane na picha nyingi ndani ya simu.

Tuseme msimamo wetu tangu mwanzo ili asiwepo wa kututafutia maneno. Kupumzika hatukukatai. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kunyoosha miguu mbele ya maji. Tunachokataa ni kufunga lango siku ile moja ya mwaka ambayo lango la kila nyumba ya kwetu linatakiwa liwe wazi.

Joto gani wanalofuata?

Wanaotetea safari hizi wanasema: hata wazungu wanafanya hivyo, Noeli wanaenda pahali pa joto. Ni kweli wanafanya. Lakini tuulize sababu. Kule London mwezi wa Desemba, saa kumi za jioni jua limekwisha kuzama. Mtu anatoka nyumbani na giza, anarudi na giza, amevaa makoti mawili. Mtu huyo akikimbilia Mombasa au Zanzibar tunamwelewa: amekimbia baridi. Hata ndugu yetu wa Bukavu, anayeishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akishuka mteremko wa Ngomo, akapita Kamanyola na bonde la Ruzizi, akaja kuota jua hapa Uvira, huyo tunamwelewa. Tena karibu sana, kiti kipo.

Lakini mtu wa Mulongwe anakimbia baridi gani? Kama siyo mbu na wezi, usiku wa Noeli tungelala madirisha wazi. Anatoka kwenye joto anaenda kwenye joto. Anaacha maji ya Tanganyika nyuma ya nyumba yake, anapanga mstari mpakani na karatasi mkononi, anafika ng'ambo, analipa, ili aangalie maji ya Tanganyika! Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na nchi nne zinalichangia: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kutoka hapa hadi Bujumbura ni kama kilomita 30 hivi. Usiku ukiwa mweupe unaona taa zao kutoka kwetu. Mukeke wanaokaangiwa pale ni mukeke ule ule, ndagala ni zile zile. Hata hasara tunagawana: ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, lilikula mchanga na nyumba za pwani yetu, likala na za kwao.

Kwa hiyo tusidanganyane. Joto siyo sababu. Sababu iko kwenye lile neno la mwisho la yule baba: "Hapa watu watatusumbua." Anachokilipia kule ng'ambo ni pahali ambapo hakuna mtu wa kumpigia hodi.

Ni nani hao wanaosumbua?

Tuwataje, maana tukiwataja tutajua tunamfungia nani lango. Ni watoto wa jirani, wamevaa nguo mpya, wanapita kikundi kwa kikundi kusalimia. Ni shangazi aliyeshuka kutoka milimani tangu alfajiri na kuku chini ya kikwembe. Ni mama mjane anayekaa nyuma ya parseli. Ni mwanafunzi aliyepanga chumba, ambaye kwao ni mbali na barabara haipitiki. Ni mvuvi ambaye wiki hiyo hakuingia ziwani, kwa sababu mwezi ni mkubwa, na mwezi ukiwa mkubwa ndagala hazifuati taa.

Kwa vijana waliozaliwa juzi, tueleze jinsi Noeli ya mtaa inavyotembea. Haianzi tarehe 24. Inaanza mwezi wa tisa au wa kumi, wamama wanapoingia likelemba ya Noeli: kila wiki kidogo kidogo, mpaka zamu ya kila mmoja ifike. Baadaye inanunuliwa mchele wa bonde, mafuta, makala, kitambaa cha watoto. Usiku wa tarehe 24 watu wako kanisani, kila mmoja kwenye dhehebu lake. Asubuhi ya 25 mbabula zinawashwa kila uwanja, na kuanzia saa sita mchana zinaanza safari za sahani. Sahani inafunikwa kitambaa, mtoto anaambiwa: "Peleka kwa mama fulani, usimwage." Mama fulani anapokea, anaiosha, na hairudishi tupu. Kama leo hana kitu, atairudisha kesho na ndizi mbili au na sombe kidogo.

Hapo ndipo ilipo akili ya wazee wetu, na watu wengi wenye diploma hawaioni. Mtoto wa nyumba isiyo na kitu anapita nyumba saba, kila nyumba anakula kidogo. Jioni amekula nyama sawa na mtoto wa mwenye mshahara, na hakuna aliyemwita maskini. Hakuandikishwa, hakupangwa mstari, hakupigwa picha. Mama yake alipokea sahani, na yeye pia alituma sahani. Ulikuwa msaada, ila haukuitwa hivyo, na kwa sababu hiyo haukumvunjia mtu heshima.

Sasa ondoeni kwenye mzunguko huo nyumba zenye mshahara: mfanyakazi wa shirika, mwenye duka, mkubwa wa ofisi, daktari. Hao ndio wenye sufuria kubwa, na hao ndio wanaovuka. Wanabaki wenye kidogo wakiwagawia wenye kidogo. Mwaka wa kwanza hakuna anayesema kitu. Mwaka wa pili watoto wanalijua lango ambalo hawapigi hodi tena. Mwaka wa tatu inaanzishwa komite ya kusaidia wasiojiweza kwa ajili ya Noeli: kuna orodha, kuna mifuko ya mchele, kuna hotuba, na yule mama mjane anasimamishwa mbele ya watu ashike mfuko apigwe picha. Wenye kulipia mfuko ule ni walewale waliofunga malango, na wanaona wamefanya vizuri! Kumbe wamenunua kwa bei kubwa kitu kilichokuwa bure, na kimekuja bila heshima yake.

Noeli ilipofutwa haikufa

Wengine wanasema Noeli ni siku ya mapumziko iliyowekwa na serikali, kwa hiyo kila mtu aitumie anavyotaka. Hao tunawakumbusha historia. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, utawala wa Mobutu uliondoa tarehe 25 Desemba katika siku za mapumziko. Kisheria ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Je, Noeli ilikufa? Haikufa. Watu walienda kazini, wakarudi, wakapika. Sahani zilitembea jioni badala ya mchana. Serikali iliweza kuondoa konje; Noeli yenyewe haikuweza kuigusa, kwani haikukaa kwenye kalenda ya ofisi, ilikaa majikoni na nyuani.

Jambo ambalo amri ya serikali ilishindwa kulifanya, tunalifanya leo sisi wenyewe, kwa hiari yetu na kwa pesa zetu. Hilo linatuuma kuliko yote.

Tena, wanaoadhimisha siku hii wasome upya habari yake katika Injili ya Luka. Yosefu anasafiri, ndiyo. Lakini anasafiri kwenda wapi? Anapanda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, kuhesabiwa na watu wa kwao. Na aibu ya habari ile ni ipi? Ni kwamba mama mwenye mimba alikosa nafasi kwenye nyumba ya wageni. Sikukuu iliyoanza kwa kukosa nafasi, sisi tunaisherehekea kwa kumnyima mgeni nafasi.

Majirani zetu wa Tanzania wanawatania Wachaga kwamba kila Desemba wanaenda Kilimanjaro "kuhesabiwa". Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Rombo yanajaa, na watu wanacheka. Lakini tazameni: Mchaga mwenye duka Kariakoo, ambaye angeweza kulala hotelini ufukweni mwa bahari, anafunga duka anapanda mlima. Anakwenda kwenye baridi, siyo kwenye joto! Anajua kwamba asipoonekana mwaka huu na mwaka ujao, siku moja atakuwa mgeni kwenye mgomba wa babu yake. Nairobi pia ni hivyo: Desemba nauli za kwenda magharibi mwa Kenya zinapanda, watu wananung'unika, na bado wanapanda basi. Wapo wanaochagua Mombasa, na tangu treni mpya ilipoanza mwaka 2017 safari imekuwa rahisi. Kumbe mabishano haya siyo yetu peke yetu. Tofauti ni kwamba Mchaga anasafiri ili afike nyumbani, na mtu wetu wa Mulongwe anasafiri ili atoke.

Hoja tunazozikubali na tusizozikubali

Tusijifanye hatusikii wanayosema wengine. Wana hoja tatu.

Ya kwanza: "Familia inatumaliza." Mwenye mshahara mmoja ana watu kumi na watano nyuma yake. Noeli wanakuja wote, na kila mmoja ana tatizo lake: karo, dawa, nauli ya kurudi. Hili ni kweli, na wanaokuja nao waambiwe. Kuja kusalimia ni haki yako. Kuja na orodha ya madeni siku ya Noeli ni kuvunja desturi ileile unayoitumia kupigia hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini dawa ya mgeni asiye na kiasi ni kumwambia kiasi, siyo kuhama nyumba.

Ya pili: "Ni pesa yangu, nimeitolea jasho." Sawa. Lakini tupige hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu sita, karatasi za mpaka, vyumba viwili kwa siku sita, chakula cha hotelini, vinywaji, jiti la kuogelea la mtoto. Nusu ya hizo dola ingenunua mbuzi, mchele na soda za nyumba nzima na majirani wanne, na nusu ya pili ingebaki ya kwenda kupumzika tarehe 28. Haya hatusemi kwa wivu. Tunasema kwamba mtaa ule unaoukimbia ndio uliokulinda ukiwa safarini.

Ya tatu ndiyo nzito, na inasemwa na wamama, wengi kwa sauti ya chini: "Kwenu ninyi wanaume Noeli ya nyumbani ni tamu kwa sababu hampiki." Mama anaamka saa kumi za usiku, anachota maji, anachagua mchele, anachinjisha kuku, anapika kwa watu arobaini, anaosha vyombo mpaka saa nne za usiku, na kesho yake anaanza upya. Akiambiwa "twende hotelini," kwa nini akatae? Hapa hatuna la kubisha. Desturi inayosimama juu ya mgongo wa mtu mmoja haiwezi kudumu. Kama tunataka Noeli ibaki nyumbani, basi wanaume na wavulana wabebe mitungi, wakwangue sufuria, wapepee mkaa, wazungushe sahani. Hakuna mila ya kwetu inayosema mwanaume akiosha sahani mkono wake utakauka. Baba asiyetaka kusikia hili asishangae mke wake akifunga mzigo wa kwanda plaji mbele yake, na sisi hatutamhukumu huyo mama.

Kuna hoja ya nne ambayo hatuiiti hoja: ya mtu anayevuka kwa sababu ya usalama wake. Huyo aende salama. Haya hayamhusu.

Mlango uliozoea kufunguka

Pengine msomaji atasema: mnapiga kelele nyingi kwa ajili ya sahani ya wali. Tumjibu kwa mambo aliyoyaona mwenyewe.

Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Maji yalishuka kutoka milimani na mawe na miti, yakabomoa nyumba kwa maelfu, yakaua makumi ya watu. Usiku ule hapakuwa na shirika lenye mahema tayari. Watu walipigana hodi. Familia zililala shuleni, makanisani, na nyingi zililala kwa watu: kwa rafiki, kwa jirani wa zamani, kwa mama waliyezoea kubadilishana naye sahani. Mlango uliozoea kufunguka Noeli ulifunguka na siku ya maji. Mlango ambao hakuna mtu aliyewahi kuupita, nani angekumbuka kuupigia hodi?

Kisha ikaja Desemba 2025. Tarehe 10 M23 waliingia Uvira, wiki mbili mbele ya Noeli. Makumi ya maelfu ya watu wa mji huu na wa bonde walivuka kuingia Burundi, barabara ileile ambayo wengine walizoea kuipita wakienda kupumzika. Wengi walikuwa huko tarehe 25, chini ya mahema na chini ya mvua, mbali na nyumbani. Hakuna aliyeiita ile safari konje. Aliyepita Noeli hiyo anajua sasa uwanja wake una thamani gani, na anajua pia ni nani aliyemtumia chakula bila kumwuliza jina.

Hayo hatuyaandiki ili tumtie mtu huzuni. Tunayaandika kwa kuwa sisi watu wa Uvira hatuna mikono ya kuchezea nyumba. Mto umejaribu kututoa, ziwa limejaribu kututoa, vita imejaribu kututoa. Siku ambayo hakuna anayetufukuza, tukajitoa wenyewe tukafunga lango, tutawaambia watoto nini?

Basi tufanye hivi

Hatupendi makala inayolia bila kusema la kufanya. Tunapendekeza mambo manne.

Tarehe 24 na 25 zibaki za nyumbani. Kuanzia tarehe 27, anayetaka Bujumbura aende, anayetaka Kigoma aende, na tunamtakia jua zuri.

Anayelazimika kusafiri siku hiyo aache sufuria yake mtaani. Asiache pesa kwa komite, aache mchele na nyama kwa jirani, na amwambie: "Siku ya Noeli wangu wakija, wewe ndiye mimi." Lango liwe wazi hata kama mwenyewe hayupo.

Kazi ya siku hiyo igawanywe, na wanaume waanze.

Na kwa wanaopenda plaji: pwani tunayo. Tukiacha kuifanya jalala, tukaondoa chupa na mifuko, tukapanda miti kwenye kingo za mto na ziwa, watoto wetu wataoga jioni ya Noeli hapa hapa, shangazi atakaa kivulini aangalie, na saa moja tutarudi nyumbani kwa miguu. Joto lipo, maji yapo, mukeke yupo. Kilichobaki ni wenye nyumba kuwepo nyumbani.

Mwaka huu mtoto akija na sahani iliyofunikwa, akute mtu wa kuipokea.